Leni ya mabasi ianzie Daraja la Nyali

Swali: "Assalaam alaykum, Mhandisi. Naishi Kiembeni, hapa Mombasa, na kazi yangu iko Mwembe Tayari. Asubuhi, kuanzia Bombolulu hadi Buxton, matatu hutambaa mpaka wengine wanashuka na kumalizia kwa miguu. Sasa naona barabara ya Malindi inapanuliwa. Kwa nini tusiwekewe mabasi ya mwendokasi kama ndugu zetu wa Dar es Salaam? Jirani yangu anasema haiwezekani kwa sababu ya Daraja la Nyali la kuingilia kisiwani. Na kaka yangu ana matatu ya abiria 14. Mabasi hayo yakija, yeye atakula wapi?"

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Inawezekana. Jirani yako amegusa penyewe aliposema daraja, ila mimi natoka hapo nikielekea upande mwingine. Kwa kuwa daraja ndipo panapobana, hapo ndipo leni ya mabasi inapotakiwa kuanza, hata kama kilomita nyingine zote zitangoja miaka. Mipango mingi ya aina hii huanzia mahali ambapo ardhi ni pana na kazi ni nyepesi. Kwetu hapo ni Shanzu na kuelekea Mtwapa. Basi litakimbia vizuri kutoka Mtwapa hadi Bamburi, kisha litafika Lights, makutano ya kabla ya daraja, na kujiunga na foleni ileile unayoijua. Abiria ataokoa dakika chache mahali ambapo hakuwa akichelewa sana.

Tazama hesabu ya watu. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930 na Nyali 216,577. Ukijumlisha ni 508,507, yaani zaidi ya watu wanne katika kila kumi wa kaunti hii wanalala ng'ambo ya kaskazini. Hapo sijaweka watu wa Mtwapa, ambao ni wa Kaunti ya Kilifi lakini wengi wao riziki yao iko kisiwani. Wote hao wana daraja moja tu la gari kuingia mjini, lile lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea. Asiyelitaka itambidi azunguke Mavueni, Kaloleni na Mazeras, safari ambayo hakuna mtu wa Kiembeni ataifanya ili kufika Mwembe Tayari.

Sasa tuliangalie hilo daraja kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Lina leni sita, tatu kila upande, na urefu wake ni karibu mita 400. Leni moja ya barabara isiyo na taa wala makutano hupitisha kama magari 1,800 kwa saa. Leni tatu zinaweza kupitisha 5,400. Lakini magari yanayotoka darajani hayaendi kwenye uwanja mtupu. Yanafika makutano ya Buxton, na pale yanagawana muda na wanaotoka pande nyingine. Tuseme upande wa daraja unapewa nusu ya muda. Leni tatu zitatoa magari 2,700 kwa saa, basi. Daraja lina uwezo wa 5,400, mlango wake unatoa 2,700. Leni mbili za darajani zingeweza kuleta 3,600 kwenye mlango huohuo, na bado zingezidi uwezo wake.

Kwa hiyo ile leni ya tatu haiongezi gari hata moja linaloingia mjini kwa saa. Asubuhi ni maegesho ya foleni, mahali pa kusimama ukingoja zamu ya Buxton. Ukiwapa mabasi leni hiyo, wenye magari madogo hawatapoteza nafasi ya kupita, watapoteza nafasi ya kusimama. Foleni yao itakuwa ndefu zaidi kurudi nyuma, na lazima niseme hivyo waziwazi, kwa sababu itasukumana kuelekea Kengeleni na Lights. Bila askari trafiki ama taa zinazozuia magari kuziba katikati ya makutano yale, foleni hiyo itawafunga watu wa Kongowea na wa Nyali ambao hata hawakuwa wanakwenda mjini.

Kuna jambo moja dogo ambalo mhandisi akilisahau, leni yote inaharibika. Ukiipeleka leni ya mabasi mpaka kwenye mstari wa kusimamia pale Buxton, magari mengine yatabaki na leni mbili za kutokea, na hapo kweli utakuwa umewapunguzia theluthi moja. Dawa yake ni kuikatisha leni ya mabasi kabla ya mstari. Umbali gani? Taa ikiwa kijani kwa nusu dakika, kila leni hutoa kama magari 15, gari moja kila sekunde mbili. Gari pamoja na nafasi yake hula mita saba hivi. Mara 15 ni mita 105. Basi leni ya mabasi ikome mita 100 kabla ya makutano. Katika mita hizo zote tatu zinatumika na kila mtu, na zote zinamwagika kwa kijani kimoja. Basi likifika hapo litangoja zamu moja tu badala ya kungoja zamu kumi pamoja na wengine. Gharama yake ni rangi, vigingi, na mtu wa kusimamia. Hakuna nguzo mpya baharini.

Lakini hesabu hii yote inasimama juu ya zamu fupi. Askari akiushikilia upande mmoja dakika sita au saba kwa mkono, hakuna leni itakayokuokoa, kwa sababu kila upande unajaza barabara nzima wakati unangoja. Zamu fupi zinazojirudia huwatoa watu wengi kuliko ukarimu wa dakika saba kwa upande mmoja. Ningeomba Buxton, Saba Saba na Lights zipate taa zinazoongozwa kwa pamoja kabla ya kununuliwa basi hata moja.

Je, leni hiyo itabeba wangapi? Leni ya magari madogo pale Buxton, kwa mfano wetu wa magari 900 kwa saa, yenye mtu mmoja na nusu kwa wastani, inaingiza watu 1,350. Chukua lengo la kawaida kabisa la abiria 4,500 kwa saa kuelekea kisiwani. Kwa matatu za abiria 14 unahitaji kama 321, moja kila sekunde 11, hazitapumua. Kwa minibasi za viti 33 ni 136, moja kila sekunde 26. Kwa mabasi ya mita 12 yanayobeba watu 70 waliokaa na kusimama, ni kama 64, pungufu kidogo ya dakika moja baina yao. Kwa yale marefu ya mita 18 yenye kiungo katikati, watu 150 kila moja, ni mabasi 30, moja kila dakika mbili. Leni ni ileile. Kinachobadilika ni chombo kinachopita juu yake.

Umeitaja Dar. Awamu ya kwanza ya pale, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ni karibu kilomita 21 na ilianza kubeba abiria Mei 2016. Mengi pale yalifanywa vizuri: njia iko katikati ya barabara ambako hakuna gari linaloegesha wala kutoka uchochoroni, jukwaa liko sawa na sakafu ya basi, nauli inalipwa kabla ya kupanda. Lakini karakana kuu ilijengwa Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia mpaka kwenye mabasi. Barabara ya Mbagala nayo ilimalizika, vituo vikasimama vitupu kwa muda mrefu vikingoja mabasi. Nairobi waliteleza kwa namna nyingine. Mwaka 2018 walipaka mistari myekundu Thika Road kutenga leni ya mabasi ya mwendokasi, magari yakaendelea kuikanyaga kama kawaida kwa kuwa hapakuwa na mabasi, kizuizi wala sheria iliyosimamiwa. Rangi bila mabasi, na mabarabara bila mabasi: wakazi hulipia yote mawili.

Kwa Mombasa nisingeiga mtindo wa Dar moja kwa moja, na sababu yangu ni ramani. Kule njia kuu ni ndefu, na abiria wa pembeni huletwa kwa mabasi madogo kisha wakabadilisha. Hapa kwetu watu wa Kisauni, Kiembeni, Bombolulu, Bamburi, Utange na Mtwapa wanatoka mitaa tofauti na wote wanakutana kwenye kipande kifupi, kuanzia Lights hadi Buxton, kama maji kwenye shingo ya mtungi. Wewe wa Kiembeni ukiambiwa upande gari la kwanza hadi barabarani, ushuke, upande basi kubwa, kisha ushuke tena Buxton utafute jingine la Mwembe Tayari, utakaa nyumbani. Afadhali mtindo wa Guangzhou, Uchina, uliofunguliwa Februari 2010: mabasi ya njia nyingi yanatoka mitaani kwao, yanaingia kwenye leni maalum pale penye msongamano, kisha yanatoka na kuendelea na safari zao. Abiria hashuki. Gari lako la Kiembeni lingeingia leni pale Bombolulu ama Lights, livuke daraja bila foleni, kisha liende zake Mwembe Tayari ama Ferry.

Mtindo huu una sharti la kiufundi ambalo likikosewa kwenye karatasi haliwezi kurekebishwa kwenye zege. Sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo leni ya katikati ya barabara iko kulia kwa dereva. Ukijenga kituo kimoja cha katikati kinachohudumia pande zote mbili, basi lazima liwe na milango ya kulia. Minibasi zote za Mombasa zina mlango wa kushoto. Maana yake siku ya kwanza hakuna gari la Kiembeni litakaloweza kutumia kituo hicho, na serikali italazimika kununua mabasi mapya yote kwa mpigo. Jukwaa likiwekwa kushoto kwa njia ya mabasi, baina yake na magari mengine, gari la mlango wa kushoto linasimama bila shida. Utahitaji majukwaa mawili badala ya moja, na upana zaidi. Unayapishanisha, la kwenda mjini likiwa mita 80 mbele ya lile la kurudi, upana unapungua.

Penye kubana zaidi ni Kongowea. Soko lile linaamka kabla ya alfajiri. Malori ya viazi, vitunguu na matunda yanashusha, mahamali wanavuka na mikokoteni iliyojaa kupita kimo cha mtu, tuktuk zinangoja mama aliyenunua gunia la kabichi. Ukichora njia ya mabasi pale na kizuizi kirefu kisicho na mwanya, hamali hatapanda daraja la waenda kwa miguu akiwa na mkokoteni. Atabomoa kizuizi, na atakuwa na haki. Panatakiwa mahali pa kuvukia pa usawa wa barabara penye taa, pana kiasi cha mikokoteni miwili kupishana, na saa za malori kushusha zisogezwe usiku. Hilo la malori halihitaji mkopo wa mtu yeyote, kaunti inaweza kulipanga na wafanyabiashara wa soko wenyewe.

Pia kona za kulia. Gari linalokata kulia kutoka barabara kuu hupita juu ya njia ya mabasi, kwa hiyo nyingi kati ya kona hizo zitafungwa na dereva ataambiwa apite mbele, aingie kushoto, azunguke mtaa kisha avuke kwa taa. Watu wa Nyali watalalamika, na wasikilizwe, lakini kila kona ya kulia inayobakizwa inakula sehemu ya kijani cha basi lenye watu 70.

Vituo nitavipitia haraka. Kinachochelewesha basi zaidi ni muda wa kupandisha watu kuliko mwendo wake. Mtu anayepanda ngazi huku akitafuta chenji ya kumpa makanga hula sekunde tatu au nne, abiria 20 ni zaidi ya dakika moja. Jukwaa likiwa sawa na sakafu, milango ikiwa mipana na nauli imeshalipwa kwa simu, hao 20 wanaingia kwa sekunde kumi na kitu. Chini ya tairi pale kituoni pawe zege, kwa kuwa lami kwenye jua letu hulainika na basi zito linalofunga breki mahali pamoja kila siku huchimba mifereji miwili ambayo mvua ya kwanza huijaza maji. Na milango ya vyuma ya kujifungua yenyewe mimi siipendi hapa Pwani. Hewa ya chumvi huila. Paa pana la kivuli, upepo upite, taa usiku, na choo kwenye vituo vikubwa, hivyo vitamfaa abiria kuliko vioo.

Sasa kaka yako. Nimeliacha mwisho kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri hufia, na kwa sababu ni watu wenye kula kwa jasho ambao hawaitwi mezani mpaka kila kitu kimeshaamuliwa.

Matatu yake inafanya kazi kwa hesabu ya siku. Dereva na makanga wanatakiwa kumpelekea kiasi maalum jioni, kinachozidi ni chao. Hapo ndipo inapotoka mbio, kugombania abiria, kungoja steji mpaka gari lijae, kukatisha safari Kongowea na kuwashusha watu. Wale vijana hawana tabia mbaya kuliko wengine. Wanalipwa kwa kichwa, kwa hiyo wanafukuza vichwa. Ukiwaweka kwenye leni maalum kwa malipo hayohayo, watasimama katikati ya leni kungoja abiria na nyuma yao mabasi 20 yatajipanga. Ili leni ifanye kazi, gari lilipwe kwa kilomita lilizokwenda na ratiba lililoishika, nauli zote ziingie mfuko mmoja, na dereva awe na mshahara. Haya ni mabadiliko makubwa kuliko zege yote niliyoitaja.

Yamefanyika kwingine Afrika. Lagos ilianza Machi 2008, kilomita 22 hivi kutoka Mile 12 hadi CMS, kwa ujenzi wa bei nafuu uliotenga leni kwa vigingi vya zege, na waliopewa kuendesha ni ushirika ulioundwa na chama chao cha wasafirishaji. Johannesburg ilianza Agosti 2009 mazungumzo na wenye teksi za abiria yakiwa hayajakamilika, na siku chache baadaye mabasi yakapigwa risasi. Mambo yalitulia zaidi wamiliki wale walipokuwa wanahisa wa kampuni inayoendesha mabasi. Sisi tuna mahali pa kuanzia, kwa kuwa matatu za Kenya tayari ziko chini ya sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye magari, au kampuni. Sacco za njia ya Kiembeni, Bamburi na Mtwapa zinaweza kuunda kampuni moja ya kuendesha, kila mwenye gari akaingia na hisa kulingana na gari na njia aliyokuwa nayo, na mkataba ukasainiwa kabla mkandarasi hajamwaga zege. Kabla, si baada. Baada ya zege serikali haina tena haja ya kuwabembeleza.

Makanga na manamba hawana hisa za kuingiza. Wao waandikwe kwa majina, ukurasa kwa ukurasa, katika orodha ya watakaoajiriwa vituoni, kwenye usafi, ulinzi na uelekezaji wa abiria. Ahadi ya jumla kwamba "kazi zitapatikana" isikubaliwe. Tuktuk hazitapungukiwa. Zitahama kutoka barabara kuu kwenda kwenye milango ya vituo, na kila kituo kinatakiwa kiwe na egesho lake la tuktuk lililochorwa tangu mwanzo.

Nani anaamua? Barabara kuu na daraja viko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, leseni za magari ya abiria ni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mitaa, maegesho na soko ni vya kaunti. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, kwa hiyo mkutano ukiitwa Bombolulu ama Kongowea, nenda, dada, na uende na wenzako. Ulizeni mambo manne na mngoje jibu la kila moja liandikwe: leni ya mabasi inavukaje daraja, jukwaa liko upande gani wa basi, hamali anavukia wapi Kongowea, na mkataba wa sacco utasainiwa lini. Mkionyeshwa mchoro mzuri wa basi la rangi na kipande cha Lights hadi Buxton hakimo, mchoro huo haujafika.

Na kaka yako, kama anafikiria kuchukua mkopo wa kuongeza gari la pili la abiria 14 kwa njia hiyo, mwambie asubiri. Afadhali azungumze na wawili au watatu wa sacco yake, wachangie minibasi moja ya viti 33 yenye mlango mpana. Gari hilo lina kazi leo hata leni isipokuja, na siku leni ikifunguliwa ndilo lenye nafasi nzuri zaidi ya kuruhusiwa kuingia na kuhesabiwa kwenye hisa. La 14 alilonalo aliendeshe mpaka likamilishe deni lake, kisha alipeleke kwenye njia za ndani, Kisauni na Mtopanga, ambako basi kubwa halitafika.